Pole ya Mkaguzi

Shangazi hakuwa mtu wa kuvaa miwani siku ya Jumamosi. Miwani ile ilikuwa ya kusomea bili na risiti, yaani vitu vya kugombania. Kwa hiyo Makini alipotoka jikoni na kumkuta amekaa wima kwenye kochi, miwani puani na simu mkononi, moyo ulimpiga paa.

"Njoo hapa, mama," Shangazi alisema. "Njoo unisomee, maana labda macho yangu yamezeeka."

Aligeuza simu. Makini hakuhitaji kusomewa wala kusoma. Picha ile aliijua vizuri: mlango wa bluu, vyerehani vitatu vimepangwa mbele yake, na juu jina la duka, Sindano Haidanganyi. Chini ya jina, mahali ambapo maduka mengine ya soko lile la mtandaoni huwa na nyota zao, palikuwa na mstari mwekundu. *Tahadhari. Sifa za muuzaji huyu haziaminiki.*

"Ndiye huyu anayekuja leo kujitambulisha?"

"Ndiye, Shangazi."

"Ndiye, Shangazi," alimwigiza. "Yaani unasema ndiye na sauti haitetemeki! Hebu nikumbushe, wewe kazi yako ni nini?"

Swali lilikuwa na miiba. Makini alikuwa mkaguzi katika soko hilohilo. Watu wasiojuana kabisa huuziana vitu humo, na idara yake ndiyo iliyopewa mzigo wa kuwaambia nani wa kumwamini na nani wa kumkimbia. Yeye na wenzake waliifundisha mashine kupima imani kati ya watu: nani anamsifu nani, hao wanaosifu nao wamesifiwa na nani, na sifa zinatoka kwenye simu ngapi. Mtu akisifiwa na watu mbalimbali, kila mmoja na simu yake, anapanda. Sifa zote zikitoka kwenye simu moja, mashine inapiga kelele, kwa sababu ndivyo matapeli wanavyofanya: mmoja anajigeuza watu ishirini na kujimwagia sifa. Lakini mashine hupiga kelele tu. Mstari mwekundu hauwekwi mpaka kidole cha mkaguzi kibonyeze.

Na kidole kilichobonyeza kwenye Sindano Haidanganyi kilikuwa cha Makini.

Kumbe hapo ndipo palipokuwa na kidonda, na Shangazi hakupajua. Fundi mwenyewe hakupajua. Dada wa watu alikuwa amebeba siri hiyo peke yake, akilala nayo, akiamka nayo, na kila alipotaka kuitema ulimi ulikuwa mzito.

Walikutana kwa ajili ya mkoba. Kamba ya mkoba wake ilikatika mbele ya duka dogo karibu na ofisi yao, duka lisilo na kibao, ambalo watu wote walisema tu "kwa fundi." Ndani kulikuwa na mwanamume aliyeinamia cherehani, anaipiga pedali bila kitambaa. Alimwona, akanyoosha mkono. "Lete hapa. Nilikuwa natafuta kitu cha kuijaribia mashine niliyoitengeneza, na wewe umeletwa." Akashona ile kamba mara mbili. Makini akaomba aongeze mstari wa tatu, kisha akauliza uzi ni wa aina gani, kisha akavuta kamba kwa nguvu zote kuona kama itakatika tena. Fundi akacheka hadi akaegemea ukuta. "Haya, dada Makini," alisema, "umeridhika?" Jina likamganda. Siku hizi hata ofisini wanamwita hivyo, na hata Shangazi akiwa na furaha.

Hakuwahi kumuuliza duka lake linaitwaje mtandaoni. Mapenzi yana maswali yake, na hilo halikuwamo. Na wiki ile mashine ilipopiga kelele, foleni ya kesi ilikuwa ndefu, naye Makini akafanya kitu ambacho jina lake halimruhusu kufanya. Alibonyeza kundi zima kwa pamoja bila kufungua moja moja.

Akaja kuona matokeo yake dukani kwa Fundi. Mchana mmoja alimkuta amekaa kimya, mikono mapajani, simu mbele yake. "Wamenifungia," alisema. "Wateja wa mbali wote wamekimbia. Tangu asubuhi hajapiga hata mtu mmoja." Alimwonyesha. Makini akaona mstari, na chini ya mstari, kwa maandishi madogo ambayo hakuna mtu wa kawaida anayeyasoma, *Mkaguzi wa Saba*. Wa saba alikuwa yeye. Fundi alificha uso kwenye mikono yake, mabega yakatikisika, na Makini akamshika kichwa, akakilaza begani kwake, akasema neno moja tu.

"Pole."

Ofisini alipata ujasiri. Alimwendea mkuu wa idara, akakiri kwamba hakusoma na kwamba mwenye duka anamfahamu kwa karibu, akapokea karipio lake kimyakimya. Kanuni ilikuwa wazi: kesi ya mtu unayemjua huigusi tena hata kwa kumsaidia. Mwingine angeipitia kwa zamu yake, na zamu haikuwa imefika. Lakini kwa Fundi ujasiri ule ulimkimbia. Kila alipomwangalia machoni, aliona jinsi macho yale yalivyotulia juu yake, akaogopa kuyapoteza.

"Nakuuliza," Shangazi alirudia. "Kazi yako ni nini?"

"Kukagua, Shangazi."

"Kukagua wengine. Wa kwako umemwacha apite mlango wa nyuma." Alivua miwani. "Mwanangu, mimi nimetapeliwa humohumo. Yule mtu aliniita mama yangu mpendwa mpaka nikamtumia hela ya friji, na likaja boksi la matofali. Matofali! Nikikaa jikoni bado nayaona. Sasa baba yako hayupo, na neno la mwisho liko kwangu. Ukiniletea mtu mwenye mstari mwekundu, nimpokee kwa uso gani?"

"Shangazi, mstari ule si—"

"Hodi!"

Sauti ya Fundi ilitoka mlangoni, ya upole, na ya mtu aliyejipanga kutoka nyumbani kwake.

*

Alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka kwenye kola. Mikono aliisugua, ilionekana, lakini mafuta ya vyerehani hayatoki pembeni mwa kucha hata ufanyeje. Alivua viatu, akampa Shangazi mfuko wa machungwa kwa mikono miwili, akainama kidogo.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Bado sijawa shangazi yako, lakini kaa."

Fundi alikaa kwenye ncha ya kochi. Aliiba jicho moja kwa Makini, jicho la haraka lenye tabasamu ndani yake, na Makini akahisi joto likimpanda shingoni. Alimpenda. Alimpenda mpaka kucha zenye mafuta. Na bado kulikuwa na nafasi ya kumvuta pembeni na kumwambia kabla ya mambo kuharibika, ila alimimina chai.

Shangazi hakungoja chai ipoe.

"Kijana, mimi si mtu wa kuzunguka. Duka lako mtandaoni lina mstari mwekundu. Kweli au si kweli?"

Tabasamu likaondoka usoni kwa Fundi taratibu. "Ni kweli."

"Kwa nini?"

"Hilo ndilo sijui. Nimewaandikia kuwauliza kosa langu. Wananijibu kwamba suala langu linafanyiwa kazi. Nikiandika tena, wananijibu hivyohivyo."

"Lisemwalo lipo, mwanangu, na kama halipo linakuja."

"Ndiyo. Lakini mimi nalitafuta kila siku hilo lililopo, Shangazi, silioni." Hakuwa na hasira. Alikuwa akisema kama mtu anayemweleza daktari mahali panapouma. "Sijamuuzia mtu mashine mbovu. Nikikosea, narudia bure. Waulize wateja wangu."

"Wateja wako," Shangazi alisema, "ndio hao ambao sifa zao haziaminiki."

Makini aliona neno lile likimwingia. Fundi alishusha macho kwenye kikombe. Alikizungusha mara moja kwenye kisahani, akakiacha.

"Shangazi, hayo ni makali," Makini alisema.

"Ukweli una ukali. Nani mwingine wa kumsemea? Mimi natafuta mtu mmoja tu, mmoja, anayemjua huyu na asiyekuwa na sababu ya kumpamba."

Fundi akasimama. Hakusimama kwa kisirani. Alinyoosha shati lake, akaunganisha viganja.

"Naomba ruhusa, Shangazi. Una haki. Mimi mwenyewe ningekuwa na binti ningeuliza hivyohivyo. Sitaki Makini atajwe mahali pamoja na mstari ule. Nitarudi siku nitakayokuwa safi." Kisha akamgeukia Makini, na hapo ndipo roho ya Makini ilipopasuka, kwa sababu macho yake yalikuwa yakimwomba msamaha. Yeye! Yeye anamwomba msamaha! "Usijali, mpenzi. Hili nitalimaliza."

"Huwezi kulimaliza," Makini alisema.

"Nitaweza. Lazima kuna mtu pale—"

"Kuna mtu pale. Ni mimi."

Hakuna aliyemwelewa, ikabidi aseme tena, na mara ya pili ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza.

"Mstari ule niliuweka mimi. Mkaguzi wa Saba ni mimi. Mashine ilisema sifa zako zote zimetoka kwenye simu moja, nami sikufungua kuzisoma. Nilibonyeza tu. Sikujua ni wewe."

Shangazi aliweka kikombe chini. Fundi alibaki amesimama, ameinamisha kichwa kidogo upande mmoja, kama anavyofanya akisikiliza mashine yenye hitilafu.

"Sawa," alisema polepole. "Hukujua ni mimi. Hilo naweza kulielewa. Kazi ni kazi, mtu anakosea." Akamtazama Makini. "Ulijua lini?"

Makini alitamani swali lolote lingine duniani.

"Siku uliyonionyesha."

"Siku ipi?"

"Dukani. Mchana ule."

"Mchana ule nilipolia."

"Ndiyo."

"Nilipokuwa begani kwako."

"Ndiyo."

"Ukaniambia pole."

Makini aliinamisha uso. Machozi yalikuwa tayari yameshafika kidevuni.

"Mimi ile pole niliishika," Fundi alisema, na sauti yake ilikuwa imeanza kukatika. "Unajua? Wateja walinikimbia, nikasema si kitu, yuko mtu mmoja anayeniamini. Nilikwenda kulala nayo ile pole. Kumbe ulikuwa unanipa pole ya jiwe ulilonitupia mwenyewe." Alitikisa kichwa. "Ungesema palepale, Makini. Ningekasirika kidogo, ningekununia siku mbili, basi yangeisha."

"Niliogopa ungeondoka."

"Na sasa je?"

Alimgeukia Shangazi, akamwambia, kwa adabu ileile aliyoingia nayo, "Asante kwa chai." Akavaa viatu bila kufunga kamba, akatoka.

*

Makini alitegemea Shangazi aseme nilikwambia. Hakusema. Aliuangalia mlango, kisha akamwangalia mpwa wake kwa namna ambayo hakuwahi kumwangalia tangu alipovunja kabati la vyombo akiwa mtoto na kumsingizia paka.

"Yaani mimi nilikuwa nikimchoma yule mtoto wa watu," alisema, "na wewe umekaa hapo, unamimina chai?"

"Nisamehe, Shangazi."

"Usinipe mimi hiyo samahani, si yangu. Hebu niambie. Kwa nini sifa zake zote zitoke simu moja? Kama anajisifu mwenyewe, basi kwenda kwake ni heri."

"Hajisifu." Makini alifuta uso kwa kiganja. "Wateja wake wengi ni mafundi cherehani, kina mama watu wazima. Wana simu ndogo za kupigia tu. Wengine hawajui kuandika. Akimaliza kazi anawaambia, 'Sema unachotaka kusema, mama,' wao wanasema, yeye anaandika kwenye simu yake, neno kwa neno. Nimekaa pale nimeona. Mashine iliona simu moja ikadhani ni mtu mmoja, nami nikadhani mashine imeona."

"Hizo sifa bado unazo?"

"Wateja hawazioni tena. Mkaguzi anaziona."

"Nisomee."

"Shangazi, si ruhusa kuigusa kesi—"

"Nimekwambia uiguse? Nimekwambia usome. Zilikuwa wazi kwa dunia nzima kabla hujazifunika."

Makini alifungua simu yake. Sauti ilikuwa haijatulia vizuri.

"'Mashine yangu ilikuwa inaruka nyuzi, sasa inatembea vizuri. Mungu amweke.' Ya pili: 'Nilidhani imekufa, kumbe mkanda tu. Angeweza kuniongopea, hakuniongopea.' Ya tatu..." Alisita.

"Ya tatu inasemaje?"

"'Anajua kazi lakini ana maneno matupu kuhusu siku. Aliniambia Jumanne, nikaipata Ijumaa. Na aache kuimba akiwa kazini, hana sauti hata ya kuitia kuku.'"

Shangazi alivuta miwani yake mezani, akaivaa. "Hiyo imeandikwa kwenye simu ya nani?"

"Ya kwake."

"Na vidole?"

"Vya kwake, Shangazi. Mwenye maneno ni mama mmoja anashona mashuka. Hajui kuandika hata jina lake."

Shangazi alijaribu kujizuia. Mdomo ulikaza, mashavu yakavimba, kisha kicheko kikamtoka kwa nguvu hata miwani ikadondokea mapajani. "Hana sauti ya kuitia kuku! Na yeye anaandika! Angeweza kuandika chochote, yule mama asingejua!" Alicheka mpaka akashika mbavu, na kicheko kilipoisha alikuwa na macho mekundu, na haikuwa kwa kucheka peke yake.

"Mwanamume wa namna hiyo," alisema, "mimi nimemuuliza nani wa kumsemea." Alimsukuma Makini begani. "Umekaa unangoja nini? Nenda!"

Alimkuta Fundi ghorofa ya chini, amekaa kwenye ngazi ya mwisho, anafunga kamba za viatu. Alikuwa akizifunga na kuzifungua. Makini alikaa ngazi mbili juu yake, maana hakujua kama amepewa ruhusa ya kukaa karibu zaidi.

"Sijaja kukuomba unisamehe leo," alisema.

"Vizuri, kwa sababu leo msamaha sina."

Mama mmoja alipita na ndoo ya nguo, wote wawili wakajibanza ukutani, wakamwitikia salamu yake. Alipopotea juu, Fundi akaongea bila kugeuka.

"Unajua kinachoniuma zaidi ni nini? Si fedha, fedha itarudi. Mama Mashuka haniamkii. Siku maneno yake yalipofutika, mjukuu wake alimwambia hayapo. Anadhani mimi ndiye niliyeyafuta kwa sababu alinisema. Anakuja, anaweka mashine mezani, anaonyesha kwa kidole palipoharibika, anaondoka. Mwanamke aliyekuwa akinitukana kila wiki kwa furaha yake yote! Wenzake pia wamepoa. Wanaona niliyachukua maneno yao nikayachagua."

"Si wewe uliyeyachukua."

"Mimi najua. Wewe unajua. Wao hawajui." Sasa akageuka. Macho yalikuwa yamevimba, lakini yalimwangalia sawasawa. "Ofisini kwenu mnapima nini hasa? Mnapima nani kamsifu nani. Mmeweka na mahali pa mtu anayekuja mwenyewe kusema nimekosa?"

Makini alifikiri. Ilikuwa tabia yake kufikiri hata pale ambapo wengine wangejibu tu.

"Hatuna," alisema. "Hatuna mahali hapo."

"Basi Jumatatu asubuhi kina mama wanakuja kuchukua mashine zao."

Alielewa. Kukiri kwa mkuu wa idara kwenye chumba chenye mlango ni kitu kimoja, na kusimama mbele ya kina mama wale barabarani ni kingine kabisa.

"Nitakuja. Nakuahidi kwamba nita—"

"Usiniahidi," Fundi alisema, akasimama. Kamba ya kiatu kimoja ilikuwa bado wazi. "Njoo tu."

*

Jumatatu alifika akiwa na nguo za ofisini, na mkoba ule begani. Mlango wa bluu ulikuwa wazi. Kina mama watano walikuwa wamekaa kwenye benchi na viti, wengine na vichwa vya vyerehani vimefungwa kwenye kanga mapajani, wanasubiri. Fundi aliinua macho, akamwona, akayarudisha kwenye kazi yake. Alikuwa akiondoa uzi ulionasa chini ya sindano kwa koleo dogo. Hakumsaidia hata kwa neno.

"Habari za asubuhi, kina mama," Makini alianza. "Shikamooni. Nimekuja... mimi ninafanya kazi kwenye lile soko la mtandaoni. Yale maneno yenu mliyoyasema kuhusu fundi—"

"Eeh?" alisema mwanamke mmoja mnene mwishoni mwa benchi, akiweka kiganja nyuma ya sikio. Alikuwa amekalia rundo la mashuka.

"Nasema, yale maneno yenu—"

"Binti, ongea kwa nguvu! Mimi sikio hili nimelipa likizo!"

Wengine walicheka. Makini alimeza mate. Watu walikuwa wakipita njiani kwenda makazini, na wawili kati yao walikuwa wenzake wa ofisini, wa ghorofa ya pili. Akavuta pumzi.

"MIMI NDIYE NILIYEYAFUTA MANENO YENU!"

Mwanamume mwenye mkokoteni alisimama kutazama. Mmoja wa wale wenzake wa ofisi alisahau kufunga mdomo.

"Si Fundi!" Makini aliendelea, na kwa kuwa alikuwa ameshapiga kelele, aliona hana cha kupoteza. "Fundi hakufuta hata neno moja! Aliyaandika yote kama mlivyosema, hata ya kumsema vibaya! Mimi niliona simu moja nikadhani ni mtu mmoja anajisifu. Sikuyasoma. Ningeyasoma ningewajua. Nimekosa!"

Mama Mashuka alimwangalia kutoka unyweleni hadi viatuni.

"Hukuyasoma?"

"Sikuyasoma, mama."

"Na mimi nilikaa hapa nikatafuta maneno siku nzima! Ile ya kuku niliifikiria mwenyewe!"

"Sasa nimeisoma. Hata Shangazi yangu ameisikia, amecheka mpaka akalia."

Hilo lilimgusa. Alijaribu kulificha, akapangusa pua kwa ncha ya kanga, lakini alikuwa amependa. "Umeletwa na nani hapa? Huyu ndiye aliyekuleta useme?"

Makini alimtazama Fundi. Fundi hakuinua kichwa.

"Nimekuja mwenyewe."

"Mmh." Mama Mashuka aliwaangalia wenzake mmoja mmoja, nao wakamwachia uamuzi. "Haya. Nimesikia. Yatarudi lini?"

"Mwenzangu anayapitia wiki hii. Mimi sina ruhusa kuyagusa, kwa sababu..." Akakwama.

"Kwa sababu gani?"

"Kwa sababu fundi namfahamu."

"Unamfahamu vipi?" Mama Mashuka sasa alikuwa amegeuka mzima mzima, na benchi nzima pamoja naye. Mambo ya mtandao yalikuwa yamekwisha, hapa palikuwa na uhondo. "Wewe binti, kwa huyu wewe ni nani?"

Makini alifungua mdomo. Juzi angejua la kusema. Leo jibu lile halikuwa lake kulitoa, na kuchukua neno ambalo hajapewa kungekuwa kurudia kosa lilelile. Alisimama pale mbele ya macho yote yale, ameshika kamba ya mkoba kwa mikono miwili.

Uzi ulikatika kwenye koleo. Fundi aliuweka pembeni, akafuta vidole kwenye kitambaa.

"Ni wangu, mama," alisema bila kuinua macho, kwa sauti kubwa ya kutosha Mama Mashuka asihitaji kurudiwa. "Tumegombana tu."